Leseni ya udereva Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Marekani haina leseni moja ya udereva kwa taifa zima. Kila jimbo lina sheria yake, ofisi yake na mtihani wake, kwa hiyo maelezo ya binamu aliyepata leseni Ohio yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yasikufae. Ukurasa huu ni wa Texas, na ni wa leseni ya gari dogo la kawaida, daraja C. Umeandikwa kwa wasomaji waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao wengi wao tayari wanajua kuendesha. Ndiyo maana tumekaa sana kwenye makaratasi, kwenye gari la mtihani na kwenye mazoea ya mikono na macho: huko ndiko dereva mzoefu anakoangukia.

Niende ofisi gani?

DPS, yaani Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, kwenye ofisi zake za leseni. Waliokaa majimbo mengine huzoea kusema DMV. Texas nayo ina DMV, lakini hiyo inashughulika na umiliki na usajili wa magari. Ukienda huko kuomba leseni utarudishwa ulikotoka.

Miadi huwekwa kwenye tovuti ya DPS na haina malipo. Kwenye miji mikubwa kama Houston na Dallas nafasi zinaweza kuwa wiki nyingi mbele. Angalia pia ofisi za miji midogo ya jirani, hata kama ni safari ya saa nzima, na fungua tovuti asubuhi na mapema siku za kazi, maana nafasi za siku hiyohiyo na zile zilizoachwa na wengine hutokea muda huo. Tovuti ikikudai pesa ili ikuwekee miadi, si ya DPS.

Nina leseni ya Tanzania ya miaka 12. Kweli nianze upya?

Ndiyo. Texas ina makubaliano ya kubadilishana leseni na nchi chache tu, kama Kanada, Ufaransa, Ujerumani na Korea Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo, kwa hiyo utafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Hata hivyo leseni yako si bure. Mkaazi mpya anaruhusiwa kuendesha kwa leseni halali aliyokuja nayo hadi siku 90 tangu ahamie Texas. Zitumie siku hizo kufanya mazoezi na kumaliza mitihani, usizitumie kuahirisha. Baada ya hapo, mbele ya polisi wewe ni mtu asiye na leseni, na faini ya kosa la kwanza inafika dola 200. Kile kijitabu cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni ya nyumbani, hakisimami peke yake. Zile kadi za kimataifa zinazouzwa kwenye intaneti kwa ahadi ya kutumika miaka 10 ni wizi mtupu.

Nimehamia kutoka jimbo lingine la Marekani, je?

Hapo mambo ni mepesi. Ukiwa na miaka 18 au zaidi na leseni ya jimbo lako bado hai, unaisalimisha DPS, unapimwa macho, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole gumba, unalipa. Huna mtihani wa maandishi wala wa barabarani. Unazo siku 90. Gari lenyewe lina haraka zaidi: linatakiwa kusajiliwa Texas ndani ya siku 30.

Nibebe karatasi gani?

Swali hili ndilo linalowarudisha watu nyumbani kuliko mtihani wowote. DPS inataka mambo matano, na kila moja lina karatasi yake.

Kwanza, wewe ni nani: pasipoti, grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), kadi ya ruhusa ya kazi au cheti cha uraia.

Pili, upo nchini kihalali. Mkimbizi huonyesha I-94, yaani rekodi ya kuingia Marekani, inayosema aliingizwa kama mkimbizi, au kadi ya kazi, au grini kadi kama ameshaipata. Mwanafunzi hubeba pasipoti, I-94 na I-20, fomu anayopewa na shule yake. Karatasi moja inaweza kutosha kwa jambo la kwanza na la pili pamoja. Grini kadi hufanya kazi hiyo.

Tatu, namba ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii. Kama hujawahi kupewa, kuna tamko la kiapo unalotia saini. Kama ulipewa na kadi imepotea, usiseme hujawahi kupewa: DPS huihakiki kwa kompyuta na uongo huo utaonekana.

Nne, unaishi Texas. Hapa zinatakiwa karatasi mbili zenye jina lako na anwani yako: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, ya maji au ya gesi, taarifa ya benki, barua ya idara ya serikali. Bili na taarifa ziwe za siku 90 za karibuni. Karatasi zote mbili zisitoke mahali pamoja. Bili ya maji na ya gesi za kampuni ileile zinahesabiwa moja. Na angalau moja ionyeshe umeishi Texas siku 30. Sharti hilo la siku 30 halimhusu anayesalimisha leseni ya jimbo lingine.

Tano, gari. Kama unamiliki gari, leta ushahidi kwamba limesajiliwa Texas na lina bima. Kama huna gari, utatia saini kusema huna, basi.

Zote ziwe karatasi halisi au nakala zilizothibitishwa na ofisi iliyozitoa. Fotokopi na picha ya simu hazipokelewi. Cheti cha Kifaransa au cha Kiswahili kiambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Naishi kwa shemeji yangu. Bili zote zina jina lake. Nifanyeje?

Kuna fomu iitwayo DL-5, ya kiapo cha ukaazi. Mwenye nyumba anaapa kwamba unaishi kwake, na yeye ndiye anayetoa karatasi zake mbili za ukaazi. Kama nyinyi ni ndugu na mna cheti kinachoonyesha undugu huo, peleka cheti. Kama hamna karatasi ya undugu, aje naye hadi dirishani. Na hapa tuelewane: kwetu kila mtu ni ndugu, mjomba au shemeji, lakini dirishani undugu ni ule ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa au cha ndoa.

Njia nyingine ni kujijengea karatasi zako mapema. Fungua akaunti ya benki wiki ya kwanza na uombe taarifa zitumwe kwa posta. Mwombe mwenye nyumba aongeze jina lako kwenye mkataba. Baada ya mwezi utakuwa na karatasi zako mwenyewe.

Majina yangu yamepinduliwa kwenye I-94. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa, na ni la wengi. Mtu mwenye majina matatu hukuta la babu limewekwa kama jina la ukoo kwenye karatasi moja, na la baba kwenye nyingine. Wengine hukuta FNU, herufi ambazo maofisa huandika pale wasipoona jina la kwanza. DPS hulinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye mfumo wa uhamiaji uitwao SAVE, na kwenye rekodi za Social Security. Yasipolingana, jibu hurudi kwamba uhakiki zaidi unahitajika, na unaweza kusubiri siku kadhaa, hata wiki.

Sahihisha kwenye chanzo kabla ya kwenda DPS. Karani wa leseni hana mamlaka ya kubadilisha I-94. Kama umebadilisha jina kwa ndoa, beba cheti cha ndoa. Na kama karatasi zote zinasema ulizaliwa tarehe 1 Januari, hata kama mama anajua ilikuwa msimu wa mavuno, jaza tarehe 1 Januari. Kinachoangaliwa ni kulingana.

Kuna kitu cha kuchunga kwenye fomu ya maombi?

Fomu ni DL-14A. Ijaze nyumbani, lakini saini iache mpaka uwe mbele ya karani. Ina sehemu moja ambayo tunaomba uisome mara mbili: inauliza kama wewe ni raia wa Marekani na kama ungependa kuandikishwa kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana kwa yote mawili. Grini kadi si uraia. Ukimbizi si uraia. Mtu aliyeitikia ndiyo kwa sababu karani aliuliza haraka na yeye alitaka kuonyesha adabu anaweza kujikuta ameandikishwa kama mpiga kura. Kosa hilo hufuata faili lake hadi siku ya kuomba uraia, na linaweza kufika mbali zaidi, hata kufukuzwa nchini. Kama hukusikia swali, omba lirudiwe.

Mengine ni madogo. Utaulizwa kama unataka kuwa mtoaji wa viungo vya mwili baada ya kufa, na kama unataka kuchangia dola moja au zaidi kwenye mifuko fulani ya misaada. Yote ni hiari. Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 huridhia kupelekwa majina kwenye Selective Service, rejista ya wanaoweza kuitwa jeshini. Hilo ni sharti la kisheria kwa wakimbizi na wenye grini kadi pia, na halimaanishi umejiunga na jeshi.

Ni pesa ngapi?

Dola 33 kwa mwenye miaka 18 hadi 84, na leseni hudumu hadi miaka 8. Chini ya 18 ni dola 16. Miaka 85 na kuendelea ni dola 9 kwa miaka 2. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, hulipa dola 33 zilezile, lakini kadi yake huisha siku ruhusa yake ya kukaa inapoisha.

Ada hiyo inafungua faili lenye siku 90 na nafasi tatu za mtihani. Siku zikiisha au ukifeli mara tatu, unajaza upya na kulipa upya. Kozi ya udereva na shule binafsi ni gharama nyingine kando.

Mtihani wa macho ukoje?

Unasoma herufi kwenye mashine. Kiwango ni 20/40, kwa miwani au bila miwani. Ukipita kwa miwani, kadi yako itakuwa na alama A, maana yake ukiendesha bila miwani unavunja sheria. Usipofika kiwango hujafeli moja kwa moja. Utapewa fomu ya kupeleka kwa daktari wa macho. Kama unajua macho yanasumbua, anza kwa daktari, usipoteze miadi.

Mtihani wa maandishi unapatikana kwa Kiswahili?

Hapana. Ni Kiingereza au Kihispania. Maswali ni 30 ya kuchagua jibu, na unatakiwa kupata 21, yaani asilimia 70. Yote yanatoka kwenye Kitabu cha Dereva cha Texas, ambacho DPS inakiweka bure kwenye tovuti yake.

Kwa asiyejua Kiingereza vizuri, shida huwa ni msamiati kuliko sheria, na msamiati wenyewe si mwingi. Maneno kama thelathini hivi ndiyo yanayorudi: kupisha, njia, makutano, kukata kona, ukingo, zebra, kuovateki, kusimama kabisa. Yajue hayo kwa Kiingereza kwanza, kisha soma kitabu. Angalia sana maneno "isipokuwa" na "kamwe", maana swali zima hugeukia hapo.

Hesabu za kukariri ni hizi:

- Indiketa iwashwe angalau futi 100, kama mita 30, kabla ya kukata kona.
- Usipaki ndani ya futi 15 kutoka bomba la zimamoto, futi 20 kutoka zebra kwenye makutano, futi 30 kutoka kibao cha STOP, futi 50 kutoka reli.
- Taa kali zishushwe gari linalokuja likiwa futi 500, au unapolifuata lingine kwa futi 300.
- Taa ziwashwe kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla ya kuchomoza, na wakati wowote usipoona vizuri futi 1,000 mbele.
- Mjini pasipo na kibao, mwendo ni maili 30 kwa saa, kama kilomita 48.
- Kilevi kwenye damu kikifika asilimia 0.08 ni kosa kwa mtu mzima. Chini ya miaka 21 hakiruhusiwi hata kidogo.
- Gari la dharura likiwa limesimama pembeni na taa zinamulika, hama njia iliyo jirani nalo, au punguza hadi maili 20 chini ya kiwango cha kibao.

Basi la shule lina swali lake karibu kila mara. Likiwasha taa nyekundu za kumulika, magari ya pande zote mbili yanasimama, si yaliyo nyuma yake tu. Wanaosamehewa ni wa upande wa pili wa barabara iliyotenganishwa kwa ukuta au kwa ukanda katikati. Mstari wa rangi au njia ya katikati ya kukatia kushoto si kitenganishi.

Ni lazima nisome kozi?

Ukiwa na miaka 18 hadi 24, ndiyo: kozi ya watu wazima ya saa 6, kwenye shule iliyoidhinishwa na TDLR, idara ya Texas inayosimamia shule za udereva, darasani au mtandaoni. Ukiwa na 25 au zaidi si lazima, lakini ina faida moja: mtihani wa mwisho wa kozi unahesabika kama mtihani wa maandishi. Unafanya nyumbani, unapata cheti kiitwacho ADE-1317, na DPS hawakuulizi tena maswali yale 30. Kwa mtu anayeganda mbele ya mashine ya ofisini huku foleni ikimpumulia shingoni, hizo ni pesa zilizotumika vizuri.

Na Impact Texas Drivers ni nini?

Ni video ya bure ya DPS kuhusu ajali zinazotokana na kutotuliza akili barabarani. Wenye miaka 18 na zaidi wana ya saa 1, vijana wana ya saa 2. Cheti chake kinatakiwa kabla ya mtihani wa barabarani na kinaishi siku 90 tu. Kosa la kawaida ni kuitazama mapema mno, miezi kabla ya kupata nafasi ya mtihani. Weka miadi kwanza, video itazame wiki chache kabla. Usiiache icheze huku unapika. Inakuuliza maswali katikati na inakurudisha nyuma.

Nikishapita maandishi naruhusiwa kuendesha?

Kwa kibali cha mwanafunzi, na kando yako kwenye kiti cha mbele awe mtu wa miaka 21 au zaidi, mwenye leseni halali na uzoefu wa angalau mwaka mmoja. Aliyekaa kiti cha nyuma hahesabiki. Aliyelala pia hahesabiki.

Gari la mtihani lazima liwe langu?

Hapana. La jirani, la shemeji, la shule, hata la kukodi mradi mkataba ukutaje kama dereva. Lakini gari linakaguliwa kabla yako, na likikataliwa mtihani haupo. Jioni ya kabla ya mtihani, mtu akae nyuma ya gari wewe uko ndani, mpitie pamoja:

Taa za breki zote. Indiketa nne. Honi. Vioo vya pembeni na cha ndani. Mikanda ya mbele. Matairi yenye meno. Milango ya mbele ifunguke ndani na nje. Kioo cha dirisha la dereva kishuke, kwa sababu huenda ukatakiwa kutoa ishara za mkono. Kioo kikuu kisiwe na ufa mbele ya macho ya dereva. Pleti za namba ziwe mbili, mbele na nyuma. Ya mbele ndiyo husahaulika, hasa kwa gari lililotoka jimbo lisilodai pleti ya mbele.

Stika ya usajili iwe hai. Ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya kawaida uliondolewa tangu 1 Januari 2025. Ulio hai ni ule wa moshi, katika kaunti 17 zenye miji mikubwa. Bima iwe angalau ya 30/60/25: dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumizwa, 60,000 kwa ajali moja, 25,000 kwa mali. Karatasi ya bima itaje gari lilelile ulilokuja nalo. Watu wenye magari mawili nyumbani hubeba ya lile lingine.

Na usijiendeshe mwenyewe kwenda kwenye mtihani. Ukifika peke yako na kibali cha mwanafunzi, umeshakiri kosa kabla ya kusalimia.

Mtihani wa barabarani una nini ndani yake?

Mtahini anakaa kando yako, kwa kawaida mwendo wa dakika 15 hadi 20. Anakata alama kwa kila kosa; ukipoteza zaidi ya 30 umefeli. Anaangalia mambo manne: unavyolidhibiti gari, unavyotazama, unavyokaa kwenye njia yako, na unavyotoa ishara. Yako pia makosa ya kufeli papo hapo: kuvunja sheria, kugonga kitu, kitendo cha hatari kinachomlazimu mtahini kuingilia, kukataa maelekezo.

Kupaki sambamba na ukingo ndiko kunakoogopwa zaidi. Sheria ya Texas inataka magurudumu yawe ndani ya inchi 18 kutoka ukingoni, kama sentimita 45. Simama sambamba na nguzo ya mbele ya nafasi ya kupaki, ukiacha nafasi ya mita moja hivi ubavuni. Weka rivasi, geuza kichwa utazame nyuma, zungusha usukani wote kulia. Gari likifika pembe ya nyuzi 45, nyoosha usukani na uendelee kurudi. Pua ya gari ikishapita nguzo ya mbele, zungusha wote kushoto. Gari litambae, breki ndiyo inayopaki, si mafuta. Usiitegemee kamera ya nyuma. Mtahini anataka kuona shingo yako ikigeuka. Kwa aliyejifunza Dar, Mombasa au Kampala, kumbuka ukingo sasa uko kulia.

Kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, kama futi 60, kunafuata kanuni ileile ya shingo. Kisha kuna kusimama kwa ghafla kutoka mwendo mdogo: breki imara, bila kuserereka.

Halafu STOP. Hapa ndipo wenye uzoefu wanapoanguka kuliko wageni wa usukani. Kusimama ni magurudumu kutulia kabisa, kabla ya mstari mweupe. Kupunguza mpaka karibu kusimama, kuchungulia na kuteleza ni kosa. Simama, hesabu moja mbili tatu, tazama kushoto, kulia, kushoto tena, ondoka. Kama mstari uko nyuma sana na huoni, simama kwanza pale mstarini, kisha jongea mbele na usimame tena.

Makutano yenye STOP pande zote nne, nani anatangulia?

Aliyefika kwanza. Mkifika pamoja, aliye kulia kwako anatangulia. Hakuna kupiga honi, hakuna kuwasha taa kali ili kumwambia mwenzako "pita" au "napita mimi". Nyumbani taa hizo zinaweza kuwa na maana zote mbili kulingana na mtaa. Hapa mtahini ataandika tu.

Nilizoea kuendesha kushoto. Nijizoezeje?

Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi wanacheka hapa, kwa sababu huko wanaendesha kulia tayari. Kwa Mtanzania, Mkenya na Mganda, barabara iliyonyooka haisumbui. Hatari iko pale unapotoka kwenye maegesho matupu asubuhi, na pale unapokata kushoto, maana mkono wa zamani unakupeleka kwenye njia ya wanaokuja. Kanuni ya kujikumbusha: dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Ukiona mstari wa katikati uko upande wa abiria, umeingia pasipo pako. Mstari wa njano uwe kushoto kwako daima.

Kipilefti, au raundabauti, hapa inazungukwa kinyume cha saa, na anayeingia humpisha aliye ndani. Jina lenyewe la kipilefti lisahau mpaka siku ya likizo. Kukata kulia kwenye taa nyekundu kunaruhusiwa baada ya kusimama kabisa na kupisha, isipokuwa kibao kikikataza. Na mkono wako utawasha waipa ukitafuta indiketa. Fanya mazoezi gari likiwa limezimwa.

Nitaelewa Kiingereza cha mtahini?

Mkalimani haruhusiwi kuingia garini, kwa hiyo masikio yazoee maagizo machache. "Make a left" na "turn left" ni kitu kimoja: kata kushoto. "Pull over" ni kupaki pembeni. "Back up" ni kurudi nyuma. "Go ahead" ni endelea. Usipoelewa, uliza kabla ya kutenda. Ukikosea ukaenda kulia ulipoambiwa kushoto, nenda kulia kwa usalama. Kupotea njia si kosa la udereva, kugeuza usukani ghafla ni kosa.

Nikifeli?

Omba mtahini akuonyeshe alama zilikokatwa, na mazoezi ya wiki inayofuata yawe ya hayo tu. Weka miadi mpya siku hiyohiyo, ukikumbuka zile siku 90. Kama DPS hawana nafasi karibu, zipo shule binafsi zilizoidhinishwa na DPS kutoa mtihani wa barabarani. Zinalipisha bei yao, na kiwango ni kilekile.

Mtoto wangu ana miaka 15.

Anaweza kuanza kozi na kuomba kibali cha mwanafunzi kwa ridhaa yako. Kozi ya vijana ina saa 32 za darasa, saa 7 za kuendesha na mwalimu, saa 7 za kutazama, na saa 30 za mazoezi na mtu mzima, 10 kati yake usiku. Shule anayosoma impe fomu ya VOE kuthibitisha mahudhurio. Akikaa na kibali miezi 6 na kufika miaka 16, anafanya mtihani wa barabarani. Leseni yake ya miezi 12 ya kwanza haimruhusu kuendesha kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, ila kwa kazi, shughuli ya shule au dharura, wala kubeba zaidi ya kijana mmoja wa chini ya miaka 21 asiye wa familia. Simu haigusi kabisa.

Nyota ya dhahabu kwenye kadi ni ya nini?

Inaonyesha kadi inakidhi REAL ID, sheria ya kitaifa ya viwango vya vitambulisho. Tangu 7 Mei 2025 inatakiwa kwa safari za ndege za ndani ya Marekani, au utumie pasipoti. Siku ya kupita utapewa karatasi ya muda. Kadi huja kwa posta, kwa hiyo jina lako liwe kwenye kisanduku cha barua. Ukihama, unazo siku 30 za kubadilisha anwani, kwa dola 11.

Nataka kuendesha trela.

Hiyo ni CDL, leseni ya magari ya biashara, nyingine kabisa: cheti cha daktari, mafunzo ya lazima ya kitaifa tangu 7 Februari 2022, na Kiingereza cha kusoma vibao na kuzungumza na polisi. Tangu 25 Juni 2025 dereva wa lori asiyekiweza anasimamishwa barabarani. Mwishoni mwa Septemba 2025 Texas ilisimamisha kutoa CDL kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwa hiyo kabla ya kulipa maelfu ya dola kwa shule ya malori, hakikisha na DPS kama hadhi yako ya sasa inakuruhusu. Shule itapokea pesa zako kwa vyovyote.